Kuku wa Safu ya Tatu

Nilipokabidhi funguo za kabati mwezi uliopita, vijana wa ofisini walinitaka niwaachie kitu kilichoandikwa. Nadhani walitegemea hotuba. Mimi si mtu wa hotuba, na habari za vyeo vyangu zimo kwenye faili langu binafsi, ambalo mwenye ruhusa anaweza kulisoma akapata usingizi. Nitaandika juu ya kazi moja tu, ambayo niliifanya kwa miaka mingi kuliko nyingine zote: kujua kama mzee aliye mbele yako anacho cha kumtosha au hana. Ni kazi inayoonekana nyepesi. Mwanzoni niliikosea vibaya, na ningependa mjue nilivyoikosea kabla hamjaanza kuikosea kwa namna zenu.

Nilizaliwa Unyambwa, nikasoma mpaka darasa la nane, ada ikaishia hapo. Baadaye nilipata kibarua cha kuandika magunia kwenye ghala la ushirika, na huko nikaokota kitabu cha hesabu kisicho na jalada wala kurasa kumi za mwanzo. Nilikisoma chote, isipokuwa hizo kumi. Ndimo nilimojifunzia wastani. Kwa miezi kadhaa nilitafuta wastani wa kila kitu: mayai ya kuku wa mama, hatua za kutoka nyumbani hadi ghalani, maneno katika mahubiri ya mchungaji wetu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa na tabia hiyo. Akipata nyundo mpya hata kikombe hukigonga.

Miaka michache baada ya Uhuru nilichukuliwa kuwa karani katika ofisi ya maendeleo mjini Singida. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bwana Mkumbo, karani mkubwa, Mnyiramba mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Hakunikaribisha kwa maneno mengi. Alinipa kalamu ya risasi ya zambarau, ile ambayo maandishi yake hayafutiki, na kopo la bati lililokatwa mdomo ukasawazishwa kwa tupa, la kupimia nafaka. Kisha akafungua mkoba wake kuweka karatasi, nikaona viazi vitamu vilivyochemshwa vimefungwa kwenye kitambaa.

"Usiingie nyumba ya mtu na njaa," akaniambia.

Nilidhani ananipa ushauri wa afya. Nilijua makarani wawili waliokuwa na vidonda vya tumbo, kwa hiyo nikamshukuru, na sikulifikiria tena neno lile kwa miaka kama minne.

Kazi yetu ilianza na ukame. Mwaka uliofuata mvua zilikatika mapema, uwele ukakauka kabla ya kuweka punje, tukatakiwa kuorodhesha wazee wasio na kipato cha kutosha ili wafikiriwe kwanza chakula cha msaada kitakapofika. Fomu tulizoletewa zilikuwa na swali moja kubwa: mapato kwa mwezi. Nilikwenda Mtinko nikamuuliza mzee mmoja mfuga nyuki mapato yake kwa mwezi. Akafikiri kwa makini, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, kisha akaniuliza, "Mwezi upi?" Asali alirina mara mbili kwa mwaka, na mwaka ule hakurina kabisa. Mwingine aliniambia mapato yake yako Tanga. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anamsema mwanawe aliyekwenda kukata mkonge, ambaye hakuwa ameleta hata salamu tangu bendera ibadilishwe. Niliandika "Tanga" kwenye nafasi ya mapato. Bwana Mkumbo aliiona, hakunigombeza. Alisema ni jibu la kweli kuliko yote yaliyokuwa kwenye bunda lile.

Ndipo zikaja zama za vijiji. Nyie mmezisoma shuleni, kwa hiyo nitasema yanayohusu kazi yetu tu. Watu waliokuwa wametawanyika, kila tembe na mashamba yake yaliyorutubishwa kwa samadi ya miaka mingi, walihamishiwa pamoja wakajenga kwa mistari kando ya barabara. Kulikuwa na shamba la kijiji, na mavuno yake yaligawanywa kwa siku za kazi: mwenye siku nyingi kwenye daftari la mahudhurio alipata madebe mengi. Wenye nguvu waliona ni utaratibu wa haki. Lakini mzee asiyeweza kuinama na jembe alikuwa ameacha nyuma lile shamba lake la karibu lenye samadi, ambalo angelipalilia taratibu akiwa amekaa chini, na kwenye shamba la kijiji hakuwa na hata siku moja.

Kwa wazee kama hao kijiji kilitenga fungu ghalani. Fungu hilo halikuwa kubwa, kwa hiyo kamati ya kijiji ilitaka kila jina liwe na fomu ya ofisi yetu iliyosainiwa, inayosema mzee huyu kipato chake hakimtoshi kwa mahitaji ya lazima. Aliyekuwa na fomu alipata nafaka mpaka mavuno yajayo. Asiyekuwa nayo aliachiwa ndugu na majirani. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu yote nitakayoeleza yanategemea neno moja mwishoni mwa fomu: "anatosheka" au "hatosheki".

Nilipewa kijiji kimoja upande wa Mtinko, na nikapewa ruhusa ya kutengeneza fomu mwenyewe. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimechoka na swali la mapato. Niliona watu wanajibu wanavyotaka: mmoja anaficha, mwingine anajisifu. Nikasema, kama mtu msomi wa kurasa zote isipokuwa kumi, kwamba mkaguzi aandike alichokiona, asiandike alichoambiwa. Kwa hiyo nilichora fomu ya safu nne. Ya kwanza jina, ya pili mifugo na vyombo. Ya tatu, ambayo niliibuni mimi na nikajivunia, ilikuwa "Chakula kilichoonekana siku ya ziara". Ya nne, uamuzi. Nikaichapa kwenye stensili, nikaizungusha kwenye mashine ya kurudufu mpaka mikono ikawa myeusi, nikapanda baiskeli.

Kwa adabu nilimtumia habari balozi wa nyumba kumi siku mbili kabla, awaambie wazee siku nitakayofika. Sikuona kosa. Si vizuri kumwingilia mtu mzima kama askari kanzu.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Bibi Mwajuma binti Hango, mjane ambaye watoto wake wawili walitangulia mbele ya haki na wa tatu aliolewa mbali, Kondoa. Nyumba yake mpya ilikuwa ndogo, udongo wake haujakauka vizuri, lakini ua ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kwa Kinyaturu mimi ni wa ukoo gani. Nilipomtajia babu yangu, akasema aliwahi kumwona mnadani akiwa na ng'ombe mwenye pembe moja. Hapo nikawa si karani tena, nikawa mtoto wa watu anaowajua.

Aliniwekea kigoda. Tukazungumza juu ya magoti yake na juu ya maji kuwa mbali. Nikahesabu vyombo kwa macho: vyungu viwili, ungo, jiwe la kusagia, koroboi. Kisha akatoka na ugali wa uwele uliotengenezwa vizuri sana, mlenda, na kuku mzima aliyechemshwa kwa chumvi. Nilimwambia, kama inavyostahili, kwamba amejisumbua. Akasema mgeni si msumbufu. Nikamwuliza kama hatakula, akasema alikwisha kula mapema. Wanawake wa umri wake hawakuwa wakikaa kula na mgeni mwanaume, kwa hiyo sikuwaza lolote. Nyumbani kwetu mtoto aliyekataa chakula cha watu alichapwa, na aliyeuliza kimetoka wapi alichapwa zaidi. Nilikula. Nilikuwa nimeendesha baiskeli kutoka mjini bila kuweka kitu tumboni, nikala nikamaliza.

Nilipotoka nilisimamisha baiskeli nyuma ya nyumba za jirani, nikatoa kalamu ya zambarau, nikaandika katika safu ya tatu: "Ugali wa uwele, mlenda, kuku 1." Katika safu ya nne nikaandika: "Anatosheka." Nikasaini. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku ile.

Fomu zilikwenda kwenye kamati, orodha ikabandikwa, na wiki chache baadaye nikapita kijijini kushuhudia mgawo wa kwanza. Wazee walikuwa wachache kwenye foleni kuliko nilivyotarajia, na hilo nililiona kuwa ni habari njema. Pembeni alisimama Mama Ntandu, jirani wa Bibi Mwajuma, mwanamke mnene mwenye sauti isiyohitaji kupazwa. Alikuwa amepokea nafaka yake ya siku za kazi. Akawa anapima makopo matano kutoka kwenye kikapu chake kwenda kwenye kikapu kingine kidogo, anahesabu kwa vidole.

Nilimwuliza, kwa kutaka mazungumzo tu, kikapu hicho ni cha nani.

"Cha Bibi Mwajuma," akasema, akashusha sauti nisikie mimi tu. "Kama nilivyompa siku ile ulipokuja wewe. Unga ule uliokula ulikuwa wangu, Bwana Karani. Kuku alikuwa wake. Ndiye aliyekuwa amebaki, wa kutaga, akibadilisha mayai kwa chumvi."

Nilisema sikujua.

"Ungejuaje, na mdomo umejaa?" akajibu, safari hii bila kushusha sauti. Wanawake waliokuwa karibu wakacheka, yeye hakucheka. Akajitwisha kikapu kikubwa, kidogo akakishika mkononi, akaondoka.

Nilirudi mjini nikiwa nimeipinda ringi ya baiskeli mahali bila kujua, ikawa inagusa breki njia nzima. Nikamweleza Bwana Mkumbo. Alikwenda kabatini akatoa nakala za fomu zangu, akavaa miwani yake ya uzi, akaanza kusoma safu ya tatu peke yake kwa sauti, kutoka juu kwenda chini. Ugali na maziwa. Ugali na kuku. Ugali, mlenda, kuku. Ugali na kuku. Wali.

"Wali," akarudia, akanitazama juu ya miwani. "Mzee wa kijijini, katikati ya kiangazi, anakula wali. Kijiji hiki kina neema, ndugu yangu. Sasa niambie, siku hizo zote wewe ulikula nini?"

Safu ya tatu ilikuwa ni orodha ya chakula changu cha mchana. Nilikuwa nimefanya ukaguzi mkamilifu wa mtu mmoja, karani wa kutoka mjini, na nikathibitisha kwa saini kwamba karani huyo anatosheka.

Alifungua mkoba, akatoa kiazi, akakimenya. Akanieleza kwamba viazi vile anakula njiani, kabla ya kijiji, ili mama wa nyumba akimwona ameshiba aweze kumpa maji tu bila kuona aibu. Watu wengi walimwona hana adabu. Alikuwa amekubali kuonekana hivyo miaka yote ile. Nilimwuliza kwa nini hakunieleza maana yake tangu mwanzo. Alifikiri kidogo, akasema labda alidhani mtu wa Unyambwa hahitaji kuelezwa habari za Wanyaturu wenzake.

Asubuhi yake nilipanda tena baiskeli. Safari hii sikutuma habari kwa balozi. Nilimkuta Bibi Mwajuma amekaa mlangoni anachambua majani ya mlenda yaliyokauka. Jiwe la kusagia lilikuwa mahali pale pale, na sasa nililitazama: lilikuwa kavu, limeshika vumbi, buibui ameunganisha uzi kutoka kwenye jiwe hadi ukutani. Siku ile ya kwanza lilikuwa mbele ya macho yangu na nikaliandika kama chombo.

Nilimwomba radhi, nikamweleza kwamba nitaandika upya fomu yake ili jina lake liingie. Nilidhani atafurahi. Akaweka ungo chini.

"Utaandika nini?" akauliza.

Nikasema nitaandika ukweli, kwamba hana.

"Wewe ulikula kwangu ukashiba. Sasa unataka kwenda kuwasomea watu kwamba binti Hango alikulisha unga wa kuomba?" Sauti yake haikupanda. "Niache hivi nilivyo, mwanangu. Njaa naijua, tumezoeana. Hiyo nyingine siijui, na sitaki kujifunza uzeeni."

Nilijaribu kumweleza habari za fungu la ghalani, kwamba ni haki yake, si sadaka. Akasikiliza kwa upole kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayehesabu. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo, nimekula viazi njiani. Akanitazama kwa muda, nadhani alipima uongo na ukweli wa jambo hilo, akaniletea maji.

Ugumu wa jambo hilo ulikuwa huu, na nyie mtaukuta tena kwa sura nyingine. Kanuni ya kamati ilisema fomu iliyosainiwa haibadilishwi mpaka sababu ya kosa iandikwe, isomwe mbele ya mkutano. Ilikuwa kanuni nzuri, iliwekwa kuzuia wajanja wasiingize jamaa zao. Lakini sababu ya kosa lile ilikuwa ni unga wa kuazima. Nikiisoma, Bibi Mwajuma angepata nafaka na kupoteza kile alichokilinda kwa kuku wake wa mwisho. Nisipoisoma, angekaa na heshima yake mpaka mavuno, na magoti yale, na mlenda mtupu, na makopo matano ya Mama Ntandu, ambaye alikuwa na watoto sita.

Nilimpelekea Bwana Mkumbo fumbo hilo nikidhani atanipa mbinu ya kiofisi. Aliuliza swali moja tu, kosa ni la nani. Nikasema ni langu.

"Basi andika la kwako. La kwake liache nyumbani kwake."

Mkutano ulikuwa Jumamosi, katika chumba cha darasa la tatu, watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mkali aliyependa mambo yaandikwe. Ajenda yangu ilipofika alinitaka nisimame nisome sababu. Bibi Mwajuma alikuwa amekaa nyuma kabisa na wanawake wazee, kaniki ameivuta mpaka usoni. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Nilisoma hivi:

"Ndugu Mwenyekiti, fomu ya Bibi Mwajuma binti Hango ina kosa la mkaguzi. Mkaguzi aliandika kwamba chakula kilichoonekana ni kuku mmoja na ugali. Mkaguzi hakuandika kwamba kuku huyo na ugali huo alivila yeye mwenyewe, vyote, kabla ya kuandika. Kwa hiyo alipokuwa anasaini, chakula alichokitaja hakikuwepo tena duniani."

Mtu mmoja akaanza kucheka, na darasa zima likafuata, mpaka madawati yakawa yanagonga sakafu. Mwenyekiti mwenyewe alifuta macho kwa karatasi ya ajenda. Akaniuliza, akijitahidi kurudisha ukali, kama kuku alikuwa mkubwa. Nikasema wa wastani. Neno hilo nililijua vizuri.

Nilitazama nyuma. Bibi Mwajuma alikuwa ameshusha kaniki. Hakucheka, lakini kidevu kilikuwa juu. Wote mle ndani walikuwa wamesikia kwamba amemkirimu mgeni kwa kuku mzima na mgeni akawa mlafi. Hakuna aliyesikia habari za unga. Mama Ntandu alikuwa amekaa mbele yake, mikono ameikunja, anatazama dari.

Sikutegemea kilichofuata. Mzee mmoja wa safu ya katikati, Mzee Muro, aliyekuwa na jicho moja na ambaye fomu yake pia ilisema anatosheka, alisimama kwa kujishikiza kwenye dawati.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "kwangu alikula jogoo."

Wakacheka tena. Kabla kicheko hakijaisha mwanamke mzee akasema kwake yalikuwa maziwa, kibuyu kizima. Mwingine akasema kwake ulikuwa wali, na kwamba karani aliomba ukoko. Hilo la ukoko si kweli, lakini sikupinga. Mmoja baada ya mwingine walisimama, watu ambao wasingesema "sina" hata kwa kuwekewa kisu shingoni, wakasema tu karani alikula nini kwao. Mwenyekiti alielewa haraka kuliko mimi. Akamwagiza katibu aandike kila jina, na akaamua kwamba nyumba zote ambazo mkaguzi alikula zikaguliwe upya, na mkaguzi aje ameshiba.

Tangu siku ile, kutoka Mtinko mpaka Ikungi, nimeitwa Bwana Jogoo. Vijana wa ofisini mlikuwa mkiuliza jina hilo lilitoka wapi nami nikawa nawajibu kwamba nilikuwa naamka mapema. Sasa mnajua.

Fomu mpya niliitengeneza uani kwa Bibi Mwajuma, kwa siku mbili. Nilimwomba anisaidie kama mjuzi, naye kwa hilo hakuona aibu yoyote. Nilitoa kopo la Bwana Mkumbo, akalikagua, akasema ni dogo kuliko la dukani lakini ni la haki. Akaniambia mzee wa kike anayekaa peke yake anamaliza makopo mangapi ya uwele kwa wiki, wiki za kilimo na wiki za kiangazi, kwa sababu hazilingani. Akanitajia chumvi, kiberiti, mafuta ya koroboi, sabuni, kaniki moja kila mwaka na ya ziada kila mwaka wa tatu. Akataja vitu ambavyo nisingevifikiria: mtu wa kumtekea maji, kwa kuwa mtekaji naye hula, kitu cha kupeleka msibani, kwa kuwa asiyepeleka kitu msibani huacha kwenda, na asiyekwenda hatazikwa na watu wengi. Nilisita kidogo kuandika hilo la msiba kwenye mahitaji ya lazima. Akanisubiri mpaka nilipoliandika.

Safu ya tatu niliifuta. Mahali pake niliweka swali, ambalo nililipata kwake bila yeye kujua, na ambalo nimelitumia miaka yote mpaka juzi: mgeni akija kesho, unga utautoa wapi? Mwenye kutosheka hunyoosha kidole ndani ya nyumba. Asiyetosheka hutazama kwanza nyumba ya jirani, kabla hajajibu. Jibu lake sikuliandika kamwe. Niliandika alikotazama. Mtaona kwenye mafaili ya zamani herufi N au J kwa kalamu ya zambarau, ni nyumbani na jirani. Najua fomu zenu za sasa zinauliza tena mapato kwa mwezi. Jazeni, ndivyo mlivyoagizwa. Lakini kabla ya kujaza, tazameni jiwe la kusagia, siku hizi labda mfuko wa unga wa mashine, na tazameni jicho linakwenda wapi. Na muwe mmekula.

Bibi Mwajuma aliingia kwenye orodha mgawo wa pili. Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa nzuri, na kamati, kwa ubishi wa Mama Ntandu zaidi kuliko wangu, iliwapa wazee vishamba vya nyuma ya zizi la kijiji, ambako samadi ilikuwa inatupwa bure. Walivilima wakiwa wamekaa.

Nilipopewa uhamisho kwenda Ikungi nilifanya ziara ya mwisho. Nilikula viazi vyangu njiani, kwenye kona kabla ya shule, kama kawaida. Nilimkuta Bibi Mwajuma amepungua mwili lakini sauti ni ile ile. Vifaranga walikuwa wanazunguka miguu ya kigoda. Nilitoa fomu, nikamwuliza maswali yote, nikafika kwenye lile la mgeni.

"Mgeni akija kesho, Bibi, unga utautoa wapi?"

Hakutazama kwa Mama Ntandu. Hakutazama hata ndani. Alinitazama mimi.

"Mgeni amekwisha kuja," akasema. "Weka karatasi hiyo, ukae."

Nikamwambia nimekula njiani. Akasema anajua, miaka yote hiyo amekuwa akiona maganda ya viazi pale konani, na kwamba leo ameamua kutoyaona. Aliingia, akatoka na ugali na mlenda, bila kuku. Akavuta kigoda cha pili, akakaa mbele yangu, akanawa, akamega kabla yangu. Tulikula bila kusema sana. Tulipomaliza alimimina maji kwenye chungu, akakwangua ukoko, akawatupia vifaranga, na ukoko ule ulikuwa mnene.

Niliaga. Konani kwenye maganda ya viazi nilisimama kwa mazoea, nikatoa fomu na kalamu. Katika safu ya tatu niliandika N. Kisha nikapanda baiskeli, nimeshiba mara mbili, nikaenda taratibu.